Vigingi vya Dorkasi

Siku Dorkasi alipowaambia wazazi wake kwamba anatafuta chuo kikuu cha kumpokea asomee udaktari, baba yake, Tobia, alidhani binti atavaa koti jeupe kama wale wa hospitali ya Bumbuli. Tobia akashukuru kimoyomoyo, maana kifua cha mkewe, Rahabu, kilikuwa kimeanza kukoroma kama mtungi unaojazwa maji.

"Siyo udaktari huo, tate," Dorkasi akasema. Tate ndiyo baba kwa Kishambaa, na pamoja na usomi wake wote hakuwahi kumwita vinginevyo. "Ni udaktari wa udongo."

Tobia akamtazama mkewe. Rahabu akaendelea kuchambua maharage.

"Udongo nao unaumwa?"

"Unaumwa. Unakonda. Kila masika unashuka bondeni, unakwenda zake Mombo, sisi tunabakia na mawe."

"Hilo hata beberu wangu analijua. Naye mtafutieni chuo."

Rahabu akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na Dorkasi akacheka pamoja naye, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa ameandika huku na huko kwa muda mrefu. Alikuwa na shahada yake ya kwanza, alikuwa bibi shamba pale Lushoto mjini, na kila jioni baada ya kazi aliandika kwa vyuo vya nchi ambazo Tobia hakuzijua hata kwa kuzisikia redioni. Chuo kimoja kilimjibu kwamba hakina mwalimu wa udongo wa milimani. Kingine kilisema njoo, lakini njoo na mfadhili wako. Kingine kilisema nafasi za utafiti ni za watu waliokwisha kuwa ndani. Vingine havikujibu kabisa. Tobia akaja kuelewa kwamba mlango wa chuo kikuu ni kama mlango wa ofisi ya chama. Hata ukiukuta wazi, lazima awepo mtu wa ndani wa kukuambia pita.

Hatimaye alikuwa amempata huyo mtu wa ndani, profesa mmoja Mholanzi aliyekuja Dar es Salaam kwenye mkutano wa mambo ya kilimo. Dorkasi alimfuata mpaka mlangoni mwa hoteli, akaongea naye amesimama. Profesa akamwambia anayo nafasi moja ya utafiti, kwa mtu mmoja kutoka nchi yoyote yenye milima, na wanaoitaka ni wengi. Akasema asiletewe sifa. Aletewe mvua ya mwaka mzima iliyopimwa kwenye mteremko mmoja, vuli na masika, bila kuruka. Vuli peke yake haimsaidii, masika peke yake hayamsaidii. Mwisho wa Juni atachagua.

"Kwa hiyo nimekuja kuomba mteremko," Dorkasi akasema.

Shamba la Tobia pale Kwemhina lilining'inia juu ya bonde kama nguo iliyoanikwa. Upande mmoja ulikuwa na mabaki ya matuta ya enzi za Mwingereza. Upande wa pili Rahabu alilima kama mama yake alivyolima, muhindi na maharage na magimbi vyote pamoja chini ya migomba, ardhi haionekani. Ndiyo maana Dorkasi aliutaka. Alitaka kupima pande zote mbili, ijulikane udongo unakimbia zaidi wapi.

"Unapima kwa kitu gani?" Tobia akauliza.

"Kwa vigingi."

Rahabu akaliweka chini ungo wa maharage. Yapo maneno ambayo katika nyumba fulani hayatajwi, na katika nyumba ile neno lilikuwa hilo.

Enzi za Mwingereza bwana shamba alikuwa akipita milimani na kamba na mzigo wa vigingi. Alipopigilia kigingi, hapo utachimba tuta, utake usitake, na jumbe yuko nyuma yake akiandika majina ya wakaidi. Wanaume wengi walikuwa wameshuka kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo waliochimba ni wanawake. Rahabu alichimba akiwa na mimba yake ya kwanza. Aliomba apumzike, akaambiwa mimba si ugonjwa. Mteremko ulikuwa umelowa, akateleza na jembe lake, na mtoto yule hakuuona ulimwengu. Wakubwa wa siku zile waliandika kwamba kazi inaendelea vizuri.

Baadaye watu wakachoka. Kijana mmoja aitwaye Samsoni akasimama mbele, Tobia ubavuni kwake, wakapita shamba kwa shamba wakivitoa vigingi ardhini na kuvitupa bondeni, huku wakiimba: Kigingi hakioti, kigingi si muhindi. Wimbo ule ulivuka vilima kuliko redio. Uhuru ulipokuja, watu wengine walipata vyeo kwa kusoma. Samsoni alipata cha kwake kwa kung'oa. Sasa alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama, na hapakuwa na mkutano aliofungua bila kukumbusha siku ile.

"Mama," Dorkasi akasema taratibu, "mimi sivitaki vigingi ili mtu achimbe. Nataka kuwaonyesha waliowalazimisha kwamba mlijua kulima kuliko wao. Wao walikuwa na tarakimu zao. Ninyi mlikuwa na mdomo tu. Nataka na ninyi muwe na tarakimu."

Rahabu akafuta mikono kwenye kanga. Akamwambia mumewe, "Kachonge. Lakini chonga vizuri, visije vikamchoma mtu mguu."

Dorkasi alikuwa ameomba ofisini nondo za chuma, akajibiwa kwamba nchi haina fedha za kigeni, asubiri. Angesubiri mpaka leo. Tobia akakata mtalawanda, mti ambao mchwa wanaupita kama maskini anavyopitwa na gari la serikali, akachonga kila kigingi kwa panga na kukilainisha kwa kipande cha chupa. Dorkasi akavichora kila kimoja pete ya rangi nyekundu shingoni. Wakavipigilia mpaka pete ikalingana na ardhi. Basi kazi yake ilikuwa rahisi, hata Tobia aliielewa: mvua ikinyesha na udongo ukaondoka, pete inapanda juu ya ardhi. Unapima ilivyopanda, unajua kilichokwenda.

Tobia hakuwa mjinga. Alijua watu wa Kwemhina wakiona vigingi watafanya nini. Akaenda kwa Samsoni, wakaketi ukumbini.

"Mwenyekiti, binti yangu ana vigingi shambani."

Samsoni akainua uso. "Vigingi?"

"Vya kupimia. Vya chuo kikuu. Akimaliza mwaka navyo anapata nafasi ya utafiti Uholanzi. Nakuomba uwaambie mabalozi wa nyumba kumi, nao wawaambie watu wao, visiguswe."

"Tobia, wewe na mimi?" Samsoni akacheka. "Dunia imezunguka. Haya, nitawaambia."

"Utawaambia lini?"

"Nimesema nitawaambia. Au unataka niape?"

Vuli ikaja, ikaenda. Rahabu ndiye aliyekuwa askari wa vigingi. Alifukuza mbuzi, alifukuza watoto waliovitamani vya kuchezea, na alipopalilia aliweka jembe chini akazunguka kila kigingi kwa vidole, taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio. Kila Jumamosi Dorkasi alipanda kutoka Lushoto na rula yake, wakapita mteremko mzima, mama anaonyesha, binti anaandika. Na habari zilikuwa njema. Upande wa matuta pete zilikuwa zinapanda. Upande wa Rahabu zilitulia pale pale zilipowekwa.

"Unaona?" Rahabu akamwambia mumewe. "Mlivyoimba hamkukosea."

Wazee wa Kishambaa walikuwa na neno, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Lilikuwa neno la wafalme, la mvua na la amani. Tobia alimwona mkewe ameinama pale mteremkoni, akafikiri labda hata mwanamke wa kawaida anaweza kuiponya, akipewa nafasi.

Masika yakaanza kwa kishindo. Wiki ile ile Dorkasi akaitwa wizarani Dar es Salaam, maana nafasi ya nje huipati mpaka wakubwa wa ndani wakuachie. Akakaa kwenye mabenchi ya korido, leo njoo kesho, kesho njoo Jumatatu. Kila mara karani alimwambia ofisa ametoka kidogo. Huko nyuma, Kwemhina, kifua cha Rahabu kikafunga.

Tobia alikimbia tawini kuomba gari. Gari lilikuwepo, Landrova ya tarafa, lakini lilikuwa limetelemka Mombo na wapiga ngoma, kuna mkubwa alikuwa anapita barabarani na lazima apokewe. Mkubwa mwenyewe, ilikuja kujulikana, hakusimama. Alipunga mkono dirishani. Wakati anapunga, watu sita walikuwa wamembeba Rahabu kwenye kitanda cha kamba kuelekea Bumbuli, wakiteleza kwenye tope, na kabla hawajavuka mto walikuwa wamebeba maiti.

Wakamzika mgombani, karibu na nyumba, pembeni ya mteremko. Simu ya upepo ilipelekwa kwa Dorkasi. Nayo ilichelewa, kama kila kitu cha serikali ambacho si cha kuwapokea wakubwa.

Watu wa Kwemhina ni Walutheri, wanaimba nyimbo za kitabuni na wanamzika mtu kwa maneno ya mchungaji. Lakini aliyefiwa na mwenzake hakanyagi shamba wala hashiki jembe mpaka anyolewe, hilo hata mchungaji haligusi. Tobia akakaa ndani kwenye kigoda, nywele zinaota, mgongo ukutani. Na kwa kuwa palizi la masika halimsubiri mtu kumaliza kilio, shamba la mwenye msiba hulimwa na majirani kwa ngemo, ile kazi ya kusaidiana ambayo watu huja wote pamoja na majembe yao. Mwenyewe haambiwi siku. Ukimwambia ni kama unamdai shukrani.

Asubuhi moja mvua ilikatika kidogo. Tobia akasikia majembe mteremkoni, mengi, yanaanguka pamoja. Akajua ni ngemo yake. Kisha sauti ya jirani yake Sheshe ikaanzisha wimbo, na watu wakaupokea.

Kigingi hakioti, kigingi si muhindi.

Tobia akainua kichwa. Alikuwa hajausikia ukiimbwa namna ile tangu ujana wake, siyo ule wa mikutano unaoimbwa na watoto wa shule wamepangwa mistari. Huu ulikuwa wenyewe, na pumzi za watu wanaofanya kazi ndani yake. Akamwona Rahabu, bado kijana, amesimama ukingoni mwa shamba siku ile ya kung'oa, mikono kifuani, akimtazama yeye anavyovuta vigingi. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu azike. Alilia vizuri, akaona moyo umelegea, akaona kwamba watu wa Kwemhina ni watu wema. Wimbo ulipokwisha alitamani uanze tena.

Mchana Sheshe akaja mlangoni. Sheshe alikuwa jirani na mtani wa ukoo wake, na mtani kazi yake msibani ni kumchokoza mfiwa ili asife naye.

"Mgane wewe, toka huko pangoni. Mkeo amekukimbia kwa ajili ya uvivu wako wa kupasua kuni. Sisi tumekuhurumia, tumekuletea."

Akatupa chini mzigo uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Vilikuwa vijiti vilivyonyooka, vya urefu mmoja, kila kimoja na pete nyekundu shingoni.

"Tumelipiga palizi shamba lote," Sheshe akaendelea, anajifuta jasho. "Hata yale mabaki ya matuta tumeyasawazisha, yasikukumbushe. Ila nani alikupigilia uchafu huu, wewe? Tulidhani ni wale mabwana shamba wa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, wameanza tena mambo ya mkoloni kwenye shamba la mtu mwenye kilio. Tukasema, haki ya Mungu, siyo kwa Rahabu. Siyo kwa mwanamke yule."

Tobia akafungua mdomo.

"Usinishukuru," Sheshe akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Yule alikuwa dada yetu."

Dorkasi alifika siku ya pili yake. Alishuka basi Mombo, akapata lori mpaka Soni, akamaliza kwa miguu. Alipitia kaburini kwanza. Kisha Tobia, akiwa mlangoni, akamwona anasimama kati ya mteremko. Shamba lilikuwa safi, jeusi, limelainishwa. Dorkasi akainama, akapapasa ardhi kwa kiganja, akasogea, akapapasa tena. Akakaa amechuchumaa pale muda ambao baba yake aliona ni mrefu kuliko mazishi.

Ukumbini walikuwepo majirani bado, wanawake na wanaume waliolima, Sheshe kati yao. Dorkasi akaingia, akapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Pole. Pole sana."

Sheshe akasema, "Umeona shamba la mama yako?"

"Nimeona, babu."

"Tulifanya tulivyoweza. Na hivyo vijiti vya mkoloni tumevifanya kuni, viko nyuma ya jiko."

Dorkasi akamtazama baba yake. Tobia akatazama sakafu. Kisha binti akasema, na sauti yake haikutikisika, "Ahsanteni sana. Mmetustiri. Mungu awarudishie." Akaenda akapika uji, akawapa kila mmoja kwa mikono miwili kama inavyopasa, na Sheshe akanywa akasema uji wa mtoto huyu ni kama wa mama yake.

Walipoondoka, alikwenda nyuma ya jiko akakaa juu ya kinu kilichoinamishwa. Hakulia. Machozi yake alikuwa ameyamaliza njiani, kwa ajili ya mama yake.

"Naweza kuvirudisha," Tobia akasema. "Najua kila kimoja kilikuwa wapi. Mama yako alinionyesha."

"Hata ukivirudisha, tate, havitakumbuka. Kigingi kilikuwa kinashika mahali ardhi ilipokuwa mwezi wa kumi. Sasa hapapo tena."

"Basi vuli unayo."

"Ninayo vuli."



Hapo Tobia akasimama. Hajanyolewa, hajaogeshwa msiba, akatoka nje ya ua wake akapita kijijini mchana kweupe. Wanawake waliomwona wakavuta watoto ndani, maana mgane wa nywele hizo haingii nyumba ya mtu. Akaingia kwa Samsoni. Mke wa Samsoni akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Tobia," Samsoni akasema bila kuinuka. "Unaniletea msiba ndani."

"Wewe umenipelekea. Ulisema utawaambia."

Samsoni akapanga upya karatasi zake mezani.

"Nilikuja hapa. Niliketi pale. Ulisema utawaambia mabalozi. Sheshe ni balozi, hakuambiwa kitu."

"Nilikuwa na mambo. Kuna mikutano, kuna shamba la kijiji, kuna wageni..."

"Mikutano yako naijua. Kila mkutano unatuhadithia vigingi. Ulishindwa nini kuongeza neno moja mwishoni?"

"Nini?" Samsoni akainuka sasa. "Niongeze nini, Tobia? Nisimame mimi, mbele ya watu wale, mimi, niwaambie vigingi vimerudi na safari hii msiviguse? Watoto wangenicheka. Wangeuliza, basi mliving'oa vya nini?"

"Vilikuwa vya kuonyesha tulivyokuwa na haki."

"Nani angeelewa hilo?"

"Rahabu alielewa," Tobia akasema. "Hakujua kusoma."

Samsoni akaketi tena. Alikuwa mzee naye, mikono yake ilikuwa na makovu yale yale. Akazungumza akiwa ametazama dirisha. "Sikia. Tulifanye hili kama watu wazima. Binti ana vuli yake. Masika aandike tu, anajua pete zinavyopanda, ni msomi. Mimi nitapiga muhuri wa tawi kwamba nimeshuhudia. Mzungu wa Uholanzi atakuja kupapasa ardhi ya Kwemhina kwa mikono yake?"

Lazima isemwe kwamba Tobia alirudi nyumbani anatembea kwa haraka, na kwamba moyo wake ulikuwa umefufuka. Aliwachukia wakubwa, lakini muhuri ni muhuri. Akamweleza Dorkasi yote pale jikoni, akamaliza kwa kusema, "Umekwisha kukataliwa na wangapi, mwanangu? Hii ndiyo ya mwisho. Andika."

Dorkasi alikuwa amekishika kigingi kimoja, anapitisha kidole gumba juu ya pete.

"Wale waliokuja na kamba zamani," akasema, "unadhani hawakuwa na tarakimu? Walikuwa nazo. Zimo vitabuni, nimezisoma chuoni. Safi kabisa, zina mihuri. Kuna mahali wameandika kazi ya wanawake wa milima hii ilikwenda bila madhara."

Tobia akaketi kwenye kigoda.

"Mama alipalilia kwa vidole," Dorkasi akasema. "Siwezi, tate."

Akamwandikia profesa yaliyotokea, yote, hata wimbo. Kisha akasubiri, anapanda na kushuka Lushoto, na wizarani nako, ajabu, ile ruhusa waliyomnyima kwa majuma ikatoka, imetiwa sahihi, ruhusa ya kwenda mahali ambapo sasa hakujulikana kama ataitwa. Wakubwa wana saa yao peke yao.

Majibu yalikuja ukungu wa Juni ulipokwisha kuketi milimani. Profesa alisikitika. Alisema hajawahi kupokea barua kama ile, na kwamba ameisoma mara mbili. Lakini fedha za nafasi ile zilikuwa za mwaka ule tu, na wenzake walitaka mvua zote mbili, na nafasi amepewa kijana mmoja wa nchi nyingine ya milima, ambaye kwao hakuna aliyewahi kutunga wimbo juu ya kigingi. Alimtakia mema. Dorkasi akaikunja, akasema, "Ni mtu muungwana," na kweli alimaanisha.

Wizara nayo ilipoona haendi tena Uholanzi ikamhamishia Newala, kwenye mikorosho, ambako kazi yake ni kuhesabu miti, siyo kupima miteremko. Alifunga sanduku lake asubuhi. Tobia, aliyekwisha kunyolewa, alilibeba mpaka barabarani. Wakisubiri lori akamwuliza afanye nini na vile vigingi.

Dorkasi akafikiri kama mtu anayefikiria jambo dogo.

"Vichome, tate. Vimekauka vizuri. Usije ukalala na njaa kwa kuvihurumia."

"Utaandika tena? Kwa vyuo vingine?"

"Labda."

Lori likaja. Alipanda nyuma kwenye magunia ya viazi, akajifunga kanga ya mama yake kichwani, na kwenye kona ya kwanza ukungu ukamchukua.

Saba Saba ile Tobia hakutaka kwenda uwanjani, lakini Sheshe alikuja kumtoa kwa mkono. "Mgane, utaoza humo ndani. Twende ukaone watu." Baridi ilikuwa ya Julai, pumzi za watu zilionekana. Bendera zilikuwepo, watoto wa shule walikuwepo, na Samsoni alisimama jukwaani akafungua kwa hadithi yake ya siku zote. Alipofika mahali pa vigingi sauti yake ikakwama kidogo, Tobia aliisikia, labda hakuna mwingine aliyeisikia. Kisha mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Na mmoja wa mashujaa wale yuko hapa leo, na mwaka huu amefiwa. Mzee Tobia, simama wananchi wakuone."

Hakutaka kusimama. Sheshe akamsukuma mgongoni. Akasimama, na uwanja mzima ukapiga makofi, wanawake waliolima shamba lake, wanaume waliombeba Rahabu kwenye tope. Walipiga makofi kwa mapenzi, hapakuwa na unafiki hata chembe, na watoto wa shule wakaanza ule wimbo. Sheshe aliuimba kuliko wote. Tobia alimtazama Samsoni, na Samsoni akamtazama yeye, na kati ya watu wote wale ni hao wawili tu waliofunga midomo.

Alirudi nyumbani peke yake. Jiko lilikuwa baridi. Kuni zilikuwa zimekwisha, na msituni bwana miti alikuwa amepiga marufuku hata kuokota matawi. Tobia alikuwa na unga wa kutosha kusonga bada ya mtu mmoja, na maji kwenye sufuria, na njaa aliyokuwa akiionea aibu.

Akautoa ule mzigo nyuma ya jiko. Ile kamba ya mgomba ilikatika yenyewe, ilikuwa imekauka. Akachukua kimoja akakiangalia. Kilikuwa kimechongwa vizuri. Hakingeweza kumchoma mtu mguu. Akakiweka kati ya mafiga, juu ya majani makavu, akawasha.

Rangi nyekundu ilinuka kwanza. Kisha mtalawanda ukashika, ukawaka moto mweupe, usio na moshi. Ulikuwa umekauka vizuri, kama Dorkasi alivyosema.